Kinasa Sauti cha Naelijwa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii ina hukumu ndani yake, na aliyepaswa kuitoa ameshindwa. Sikilizeni kama watu watakaoulizwa, maana mtaulizwa.

Walikuwapo watu watatu katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nambua, muuza tangawizi. Kipaji chake kilikuwa mkononi. Mkono wake haukungoja ruhusa ya kichwa. Sufuria ikianza kufurika, wengine wakiwa bado wanapiga kelele, yeye ameshaiepua. Mtoto akiteleza ukingoni mwa mfereji, yeye ameshamdaka, kisha ndipo anauliza ni mtoto wa nani.

Wa pili ni Kadeghe, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kipaji chake kilikuwa jichoni. Mpe ukurasa uliojaa tarakimu, kidole chake kitashuka taratibu na kusimama penye kosa. Alisoma vitu jinsi vilivyoandikwa, si jinsi mwandishi alivyokusudia. Kwa sababu hiyo marafiki zake walikuwa wachache.

Wa tatu ni Bibi Namkunda, mwenye miaka themanini na miwili. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini kipaji chake kilikuwa sikioni. Ujanani mwake, bwawa la kijiji, ambalo Wapare huliita ndiva, lilipofunguliwa, wanawake waliitana kutoka mteremko huu hadi ule ili kila mmoja ajue zamu yake ya maji imefika. Bibi Namkunda alimjua kila aliyeita. Sauti aliyoisikia mara moja hakuisahau.

Yuko na wa nne, asiye na kipaji. Huyo ni mimi. Nilifundisha takwimu na kompyuta chuo kikuu kwa miaka ishirini na sita. Silitaji hilo kwa kujisifu. Mtaona.

Mke wangu, Naelijwa, alikuwa dada yake Nambua, tumbo moja. Miaka tisa ya mwisho ya uhai wake alizunguka milimani na kinasa sauti kidogo, kinachoenea kwenye kiganja, akiwarekodi vikongwe. Aliwauliza maji yaligawanywaje, mfereji upi ulikuwa wa ukoo upi, na nyimbo gani ziliimbwa siku za kuuzibua. Alirekodi wanawake arobaini na watatu. Mimi nilibaki nyumbani nikisahihisha mitihani. Akirudi aliniambia, "Njoo usikilize huyu." Nikajibu, "Nikimaliza."

Sauti zote alizihifadhi kwenye diski moja ya nje. Kila mwanamke alikuwa na folda yake, yenye jina lake. Nje ya folda hizo zilizagaa faili zake nyingine: barua, risiti, picha za mikutano. Kwa asiyejua, faili ni kama karatasi, na folda ni kama sanduku la kuwekea karatasi.

Wiki mbili kabla ya kufariki alinishika mkono akanipa kile kinasa sauti. Akasema, "Kazi hii iko siku itataka kupotea. Mambo ya sauti hupotea. Ukimwona mtu ambaye bila yeye ingepotea, mpe hiki. Mpe mmoja tu. Kisizungushwe kama jembe la kuazima."

Nikamwahidi. Nikaahidi na jambo la pili: siku atakapotimiza mwaka kaburini, familia zote arobaini na tatu zitaalikwa nyumbani, kila moja isikie sauti ya mama yake na ipewe nakala. Wakati huo, kati ya wale wanawake, ishirini na tisa walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka ukakaribia. Ilikuwa Jumanne, baada ya chai ya asubuhi, na wageni walikuwa waje Jumamosi. Mpwa wangu alikuwa ameniletea video ya mazishi, saa sita nzima, nami nilitaka niihifadhi kwenye diski ile ile. Diski ilikuwa imejaa. Nikaamua kufuta zile faili zilizozagaa, ambazo nilikuwa nimekwisha kuzichapa.

Zilikuwa mia mbili na kitu. Ningeweza kuzifuta moja moja kwa mkono, nikamaliza kabla ya saa sita mchana. Lakini mtu aliyefundisha kompyuta haoni fahari kufuta kwa mkono. Nikaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo mashine huzifuata moja baada ya nyingine bila kuuliza kwa nini. Amri zangu zilikuwa hivi: soma majina yote yaliyomo kwenye diski. Kwa kila jina, angalia ni folda au ni faili. Kama ni folda, liache. Kama si folda, basi ni faili, lifute. Ukimaliza majina yote, nakili video ya mazishi mahali palipoachwa wazi.

Siku moja kabla nilikuwa nimeijaribu kwenye folda ndogo ya majaribio, ikafanya sawasawa. Jumanne nikaiendesha kwenye diski yenyewe. Ikalalamika kwamba vitu inavyotakiwa kufuta haivioni, ikasimama papo hapo. Nikaiongezea anwani kamili ya diski kwenye mstari wa kufuta. Nikaiendesha tena. Ikalalamika mara ya pili, ikasimama. Nikaongeza alama ya kulazimisha, ile inayoiambia mashine ifute chochote na isijibu neno. Nikaiendesha mara ya tatu. Safari hii haikulalamika.

Nambua alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe mkononi. Alikuja tupange chakula cha Jumamosi. Diski ilikuwa nzee, ikifuta kwa kusuasua, jina baada ya jina, na kila jina lilipita kwenye kioo pamoja na maneno mawili niliyoyaandika mwenyewe: ni faili, imefutwa.

"Shemeji," akasema, "Nakiete si mama?"

"Jina tu hilo. Ngoja."

"Mbona inasema amefutwa?"

"Nambua, ngoja kid—"

Sikulimaliza neno. Waya wa diski ulikuwa mkononi mwake na kikombe kilikuwa sakafuni.

Huo ndio mchango wa mkono. Asiyejua tofauti ya faili na folda aliona jina la mama yake likipita, akachomoa. Kama angengoja kama nilivyomwambia, majina yaliyobaki yangepita, kisha video ya saa sita ingelala juu ya sauti zote zilizofutwa, na kilicholaliwa hivyo hakifufuki.

Nami nilimshukuru vipi? Nilimfokea. Nilimwambia diski haichomolewi hivyo, ameiharibu. Tulipoichomeka tena, folda ishirini na sita hazikuwepo, na ya Nakiete ikiwa mojawapo. Nambua aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi?" Nikamjibu, "Diski ilikuwa mgonjwa. Wewe umeimalizia." Akaokota vipande vya kikombe, akaenda zake.

Jumatano nikashuka mjini na diski pamoja na kompyuta yangu. Fundi wa duka moja, ambaye sina lawama naye, alinisikiliza nikieleza ugonjwa wa diski, akaniamini. "Mzee, kama inakula folda zenyewe, hiyo ya kupiga format tu. Safisha yote, anza upya." Nikasema sawa. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua.

Kadeghe alikuwa kaunta akinunua wino wa printa ya shule. Alikuwa mwanafunzi wangu zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nani amesema diski inaumwa?"

"Marahaba. Mimi."

"Umeipima kwa nini?"

Sikuwa nimeipima kwa chochote. Akaniomba nimwonyeshe skripti. Ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Kidole chake kikashuka, kikasimama kwenye mstari wa nne, kikaendelea hadi wa saba, kikarudi wa nne.

"Tuiendeshe," akasema, "lakini mstari wa kufuta tuufunge, tena tuilazimishe iseme kila hatua kabla ya kuifanya."

Tukaiendesha kwenye folda ya majaribio, tukiwa tumesimama nje ya folda hiyo, kama nilivyofanya Jumanne. Mashine ikasema kila hatua. Kadeghe aliifuata kwa kidole mpaka ilipomaliza. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Majina unayachukua kwenye diski. Sawa. Lakini ukitaka kujua kama jina ni folda, huulizii kwenye diski. Unaulizia hapo hapo uliposimama, kwenye kompyuta yako. Ni kama kuchukua orodha ya watu wa kijiji cha mwenzako, ukarudi kusimama mlangoni kwako, ukawaita mmoja mmoja. Nakiete! Kimya. Unaandika, hayupo. Mwalimu, yupo. Yupo kwake. Siku ya majaribio ulikuwa umesimama ndani, ndiyo maana waliitika."

"Na kisichokuwa folda nikakiita faili," nikasema.

"Kila kitu kikawa faili." Kidole kikagota mstari wa saba. "Hapa kwenye kufuta ndipo ulipoweka anwani ya kweli. Kuuliza uliuliza kwako, kufuta ulifuta kwake. Na hii alama ya kulazimisha, uliiweka lini?"

"Ilipokataa."

"Ilipokataa ilisemaje?"

Fundi akajifanya kutafuta kitu kwenye droo.

"Mwalimu, ilisemaje?"

"Ilisema haiwezi kufuta. Ilisema, hii ni folda."

Kadeghe hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema, "Mwaka wa kwanza ulitufundisha kwamba ujumbe wa hitilafu husomwa kwanza, ndipo hujibiwa. Niliandika kwenye jalada la daftari. Ninalo mpaka leo."

Huo ndio mchango wa jicho. Diski ilikuwa nzima; ilikuwa imetii tu. Kama asingelionyesha kosa lilipo, fundi angesafisha diski asubuhi ile ile kwa idhini yangu, na zile folda kumi na saba zilizookolewa na mkono zingezifuata zenzake. Kwa siku mbili Kadeghe alikaa na programu ya kufufua faili, akazirudisha zilizofutwa. Mahali pake palikuwa bado hapajalaliwa na kitu.

Alhamisi jioni, alipokuwa akifunga kompyuta, aliniuliza, "Nambua umemwambia?"

"Bado," nikasema.

Faili zilirudi mia tatu na kumi na moja. Lakini kifufuliwacho namna hii hurudi bila jina. Folda zilikuwa zimekwenda na majina yake. Tulikuwa na rekodi mia tatu na kumi na moja zenye namba tu, za vikongwe ishirini na sita waliochanganyika kama mbegu zilizomwagika, na wote walisema Chasu, lugha ya Wapare, ambayo mimi siijui. Mimi ni mtu wa kusini. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na baada yake wageni.

Kadeghe akaenda kumleta Bibi Namkunda.

Bibi aliketishwa kwenye kiti cha Naelijwa, akapewa chai ya tangawizi, na kazi ikaanza. Kadeghe alikuwa akiandika. Nambua alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Ya kwanza hiyo," nikasema.

Bibi hakungoja hata sekunde tano. "Nankondo. Ya pili?"

"Ya pili."

"Nankondo tena. Amekwisha kukasirika. Mtoto wa watu alimchosha kwa maswali."

Ya tisa ilimchekesha kabla mtu hajasema neno, maana ilianza kwa kimya. "Nakiete huyo! Sikilizeni anavyomeza mate. Hamezi hivyo ila anapotaka kudanganya. Sasa atasema mfereji wa juu ulichimbwa na babu yake." Akatulia, akasikiliza, akapiga paja. "Kasema! Muongo wa Mungu, alale pema."

Mlangoni Nambua alijifunika uso kwa upande wa khanga. Alikuwa akicheka, au hakuwa akicheka.

Tukaenda hivyo, mchana mzima. Huo ndio mchango wa sikio. Bila yeye tungekuwa na sauti zisizo na wenyewe, na familia zingepewa vikongwe vya watu.

Rekodi ya mia mbili na saba ilikuwa fupi. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya haraka, akisema Chasu, kama anayehesabu. Kisha akakosea, akacheka peke yake, akaanza upya. Bibi Namkunda alikuwa anapuliza chai. Akaniuliza kwa mzaha, "Haya, mkwe wangu, nimechoka. Huyu utaje wewe."

Nikasikiliza mpaka mwisho. Nilitaka kwa dhati nitaje hata mmoja.

"Huyu simjui," nikasema.

Bibi akashusha kikombe. "Rudisha."

Nikarudisha.

"Mkwe wangu," akasema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka, "huyu ni Naelijwa. Anaijaribu mashine kabla ya kwenda kwa watu. Anahesabu moja, mbili, tatu."

Kadeghe aliinamia karatasi yake ingawa hapakuwa na cha kuandika. Tuliishi miaka thelathini na mmoja, mimi na mke wangu, tukisema Kiswahili, ambacho kilikuwa katikati ya kwao na kwetu. Kwa Chasu sauti yake ilikuwa nyingine. Hakuwahi kunificha. Mimi ndiye niliyesema nikimaliza.

Kutoka mlangoni Nambua akasema, "Andika, Mwalimu Kadeghe. Na huyo andika jina lake."

Jumamosi watu walijaa uani. Kila familia ilisikia ya kwake. Kuna mzee mwenye mvi aliyekiitikia kipaza sauti, "Naam, mama,", na hakuna aliyemcheka. Baada ya chakula, mjomba wa Naelijwa akasimama. Alikuwapo siku ile ya wosia.

"Kinasa sauti," akasema. "Marehemu alisema apewe mmoja, yule ambaye bila yeye kazi ingepotea. Tunasikia diski iliugua, na kuna watu walioiokoa. Tutajie, mkwe, tumpigie makofi."

Hapo ndipo nilipokwama. Kila nilipotaka kumtaja anayestahili, ilinilazimu kwanza nijitaje. Mkono uliokoa kutoka kwa nani? Jicho liliona kosa la nani? Ningeweza kusema diski iliugua, nikawashukuru wote watatu kwa jumla, na Kadeghe asingenisuta mbele za watu. Nambua alikuwa ameketi pembeni na wapishi, macho chini.

Nikasimama, nikasema, "Diski haikuugua." Nikawasimulia kama nilivyowasimulia ninyi, pamoja na zile mara mbili mashine iliponikataza, na jinsi nilivyoifunga mdomo mara ya pili.

Nilipomaliza Nambua aliniangalia.

"Siku nne, shemeji," akasema. Hakuongeza neno, wala hajaongeza mpaka leo.

Kisha ubishi ukaanza, maana wenye macho mekundu nao hubisha.

"Apewe Nambua," akasema mama mmoja. "Asingechomoa, hao wengine wangefufua nini?"

"Alichomoa bila kujua anachofanya," akajibu mwingine. "Bahati hiyo. Zawadi hupewa bahati? Kadeghe alijua. Aliona penye kosa."

"Kadeghe alifuata wino wa printa!" akadakia wa tatu, watu wakacheka. "Tena jicho lake lilituletea namba. Mama yako ni namba? Aliyeturudishia mama zetu ni Bibi."

"Bibi hakuja mwenyewe, aliletwa na gari. Tena kwa miaka yake kinasa sauti atakifanyia nini?"

"Nitanasa makelele yenu haya," akasema Bibi Namkunda, "niwasikilizishe wajukuu wenu."

Mjomba akawauliza watatu wenyewe. Nambua akasema apewe Bibi. Bibi akasema apewe Mwalimu Kadeghe, kwa kuwa macho yake yako safi na safari bado ndefu. Kadeghe akasema apewe Nambua, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyeilipia kazi yake kwa kulaumiwa. Wakawa wamezunguka duara, na kinasa sauti kikabaki mezani.

Kiko mezani mpaka leo. Nakichaji kila Jumapili ili kisife. Niliambiwa nimpe mmoja, kisizungushwe. Nimejitoa kwenye hukumu hii, kwa sababu ya kweli: nilichezewa sauti ya mwenye kitu hiki mara moja, nikaisikiliza mpaka mwisho, nikasema simjui. Mtu wa namna hiyo hawezi kumchagulia mrithi.

Lakini ninyi mmewasikia wote. Mkono uliochomoa bila kujua, ukalaumiwa. Jicho lililoona penye kosa, likanyamaza kunisetiri. Sikio lililomrudishia kila marehemu jina lake, pamoja na yule niliyemkana. Ukimtoa mmoja wao, kazi ya Naelijwa haipo.

Kinasa sauti ni kimoja. Je, wewe ungemkabidhi nani?